Robert Felkin, daktari aliyeona tumbo likifungwa kwa pini saba za chuma Bunyoro

Mama anayejifungua kwa kupasuliwa, awe Kolwezi, Lubudi ao Bukavu, hurudi nyumbani na kazi moja ambayo haijaisha. Kidonda kimefungwa kwa uzi, ao kwa agrafu, yaani vile vipini vidogo vya chuma vinavyokutanisha ngozi, na baada ya siku chache lazima arudi maternite ili vitolewe. Kwa mwenye kukaa kijiji cha mbali, safari hiyo ni pesa, ni pikipiki, na ni mtoto mchanga mgongoni.

Ndiyo maana katika miaka ya hivi karibuni viwanda vya dawa vimeleta agrafu za aina nyingine. Hazitengenezwi kwa chuma. Huwekwa chini ya ngozi ya juu, hazitokezi nje, na mwili wenyewe huziyeyusha polepole kwa muda wa miezi kadhaa. Hakuna anayerudi kutolewa kitu. Tatizo ni bei, maana kifaa chake hutumiwa mara moja tu kisha hutupwa, na hospitali nyingi za vijijini zinaendelea kushona kwa uzi wa kawaida.

Watu wengi wanafikiri kwamba kufunga tumbo la mama kwa vipande vya chuma ni ufundi uliotoka Ulaya na kuja Afrika kwa meli. Maisha ya Robert William Felkin yanaonyesha mambo tofauti. Mwingereza huyo, aliyekufa karibu miaka 100 iliyopita, ndiye aliyeandika habari za mganga wa Bunyoro, katika Uganda ya leo, aliyempasua mama mjamzito, akatoa mtoto akiwa hai, kisha akafunga tumbo kwa pini saba za chuma. Hiyo ilikuwa mwaka 1879, wakati ambapo huko Ulaya mama aliyepasuliwa hivyo kwa kawaida alizikwa.

Mtoto wa ukoo wa nyuzi

Felkin alizaliwa tarehe 13 mwezi wa tatu 1853 huko Beeston, karibu na mji wa Nottingham, Uingereza. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa nyuzi. Babu yake, William Felkin, alikuwa na kiwanda cha kufuma lesi kwa mashine, alipata kuwa meya wa Nottingham, na aliandika kitabu kikubwa juu ya historia ya kazi hiyo. Lakini mwaka 1864 biashara ilianguka, na familia ikahamia Wolverhampton kutafuta maisha mapya.

Ni huko, akiwa mwanafunzi, ambako inasemwa alikutana na David Livingstone, msafiri aliyekuwa amerudi kwa muda kutoka Afrika. Kijana huyo akaanza kuota juu ya bara hili. Baadaye aliishi kwa muda Chemnitz, Ujerumani, akajifunza Kijerumani vizuri. Lugha hiyo ilimsaidia sana baadaye, tena mahali ambapo hakutazamia.

Mwaka 1876 alianza kusoma udaktari Edinburgh, Scotland. Mji huo ulikuwa kitovu cha upasuaji duniani. Joseph Lister alikuwa bado anafundisha huko, yule aliyeonyesha kwamba vidonda huoza kwa sababu ya vijidudu na kwamba dawa ya kuviua huokoa maisha. Lister huyohuyo ndiye aliyetengeneza uzi wa utumbo wa kondoo uliolowekwa katika dawa ya kaboliki. Aliujaribu kwa ndama mwishoni mwa 1868, akaona kwamba baada ya wiki kadhaa uzi unapotea ndani ya mwili na nafasi yake kujazwa na nyama hai. Mawazo ya leo juu ya agrafu zinazoyeyuka yametoka katika jaribio lile.

Kabla ya Lister, daktari mwingine wa Edinburgh, James Young Simpson, alikuwa amefundisha kuzuia damu kwa kuchoma sindano za chuma kupitia nyama na kuzitoa baadaye. Felkin aliingia Afrika akiwa amebeba elimu hiyo yote kichwani, lakini alikuwa bado hajamaliza masomo.

Kupanda mto Nile

Mwaka 1878 chama cha wamisionere wa Kianglikana, CMS, kilitafuta watu wa kuimarisha misioni yao kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Felkin, akiwa na miaka 25, alijitolea. Walioondoka London mwezi wa tano mwaka huo hawakupita Zanzibar kama wengi. Walipita Misri na Sudan, wakipanda mto Nile. Mmoja wao aliugua na kurudishwa njiani. Waliobaki, Felkin, Pearson na Litchfield, walikutana na Jenerali Gordon Khartoum, kisha na Emin Bey, mtawala wa Equatoria, aliyekuwa na makao yake Lado.

Emin alikuwa Mjerumani, daktari kwa kazi yake, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer. Felkin alikijua Kijerumani, na wote wawili walipenda udaktari, mimea na desturi za watu. Urafiki ulishika palepale, na baadaye ulibadilisha historia ya Kongo ya mashariki.

Mwezi wa pili 1879 kikundi kilifika Rubaga, kwa Mutesa. Kabaka alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na Felkin akawa daktari wake. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Baraza la mfalme lilikuwa na waganga wa kienyeji, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na muda mfupi baadaye Wakatoliki kutoka Ufaransa. Kila mmoja alitaka sikio la mfalme. Daktari kijana ambaye mgonjwa wake ni mfalme hana usingizi: dawa ikikataa, kosa ni lake.

Felkin hakukaa sana. Katikati ya mwaka huohuo alianza safari ya kurudi kaskazini, na Mutesa alituma wajumbe watatu waende kwa Malkia Victoria. Msafara ulipita Bunyoro, Bahr el Ghazal na Darfur. Wajumbe walifika London mwaka 1880 na kupokelewa na malkia.

Yaliyotokea Kahura

Ni katika mwaka huo wa 1879, mahali alipopaita Kahura, katika nchi ya Bunyoro, ambako Felkin aliona jambo lililofanya jina lake lisisahauliwe na wanahistoria wa udaktari. Bunyoro wakati ule ilitawaliwa na Omukama Kabalega.

Mama alikuwa kijana wa karibu miaka 20, mimba yake ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, kichwa upande wa ukuta wa nyumba. Alinyweshwa pombe ya ndizi, ile ambayo Kivu tunaiita kasiksi, mpaka akawa nusu amelewa. Kifua na mapaja vilifungwa kitandani kwa mbugu, nguo ya gamba la mti. Msaidizi mmoja alishika miguu, mwingine alishikilia tumbo.

Mganga alisimama upande wa kushoto na kisu mkononi, akasema maneno ya dua. Kisha alifanya kitu ambacho hata Ulaya madaktari wengi walikuwa bado wanakibishia: aliosha mikono yake na tumbo la mama, kwanza kwa pombe ya ndizi, halafu kwa maji. Akapasua kwa haraka katikati ya tumbo, kutoka chini kuelekea kitovu. Damu iliyotoka iligusishwa chuma cha moto, kidogo kidogo, bila kuunguza ovyo. Mtoto akatolewa, akapewa msaidizi, kitovu kikakatwa.

Hatua iliyofuata ilimshangaza Felkin zaidi. Mganga aliminya tumbo la uzazi kwa mikono miwili mpaka likajikaza, akapanua mlango wake kutoka ndani, akatoa kondo na mabonge ya damu. Tumbo la uzazi lenyewe hakulishona. Kisha kidonda kilifunikwa kwa mkeka wa majani wenye matundu, mama akafunguliwa na kugeuzwa taratibu ubavu, ili maji na damu iliyobaki ndani imwagike chini.

Hapo ndipo ulipokuja ufundi wa kufunga. Mkeka uliondolewa, kingo za kidonda zikakutanishwa, na pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri zikachomwa kuvuka kidonda. Zikafungwa kwa uzi uliotokana na gamba la mti. Felkin alizifananisha na sindano za Simpson alizozijua kutoka Edinburgh. Juu yake ukapakwa uji mzito wa mizizi ya aina mbili iliyotafunwa, kisha jani la mgomba lililopashwa moto, kisha bandeji ya mbugu iliyokazwa.

Mama hakulia mpaka pini zilipoanza kuingia. Saa mbili baadaye mtoto aliwekwa kwenye ziwa. Kisu kilikuwa kimemkwaruza mtoto begani, na jeraha hilo nalo lilitibiwa likapona. Felkin alipima joto la mama kila siku: usiku wa pili lilipanda mpaka kama digrii 38, kisha likashuka. Siku ya tatu kidonda kilifunguliwa na kusafishwa, na pini zikaanza kutolewa. Siku ya sita ya mwisho ilikuwa imetoka. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga kabisa.

Mtu yeyote anayefanya kazi maternite leo ataitambua ratiba hiyo. Chuma kinakaa siku chache tu, mpaka ngozi ianze kujishika yenyewe, kisha kinatolewa kabla hakijaleta usaha. Mganga wa Kahura hakuwa na kitabu kinachomwambia siku ya kutoa. Alijua kwa mazoea, na mazoea ya namna hiyo hayapatikani kwa mgonjwa mmoja. Felkin mwenyewe alielewa kwamba aliyoyaona hayakuwa bahati, bali kazi ya mtu aliyefundishwa.

Mbele ya madaktari wa Edinburgh

Felkin alirudi Scotland kumaliza masomo. Mwezi wa kwanza 1884 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa Edinburgh akasoma ripoti yake juu ya uzazi katika Afrika ya kati. Ripoti ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la madaktari wa mji huo, pamoja na mchoro wa mama akiwa kitandani na waganga wamemzunguka.

Tukumbuke hali ya Ulaya. Madaktari wengi waliogopa kumpasua mama aliye hai, maana wengi walikufa kwa damu ao kwa uchafu tumboni. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Italia aliona ni afadhali kukata na kuondoa tumbo lote la uzazi kuliko kuliacha likivuja. Ni mwaka 1882 tu ambapo Max Sänger wa Leipzig, Ujerumani, alionyesha jinsi ya kushona tumbo la uzazi kwa waya wa fedha na hariri ili mama abaki na uwezo wa kuzaa tena. Felkin, miaka miwili baadaye, aliwaambia wazee wa taaluma hiyo kwamba mganga wa Bunyoro alikuwa amewaokoa mama na mtoto kwa pini, pombe ya ndizi na majani.

Wapo waliokuwa na mashaka, na mashaka hayo hayajaisha. Felkin ndiye shahidi pekee, na wasafiri wengine waliopita Bunyoro hawakuandika jambo kama hilo. Lakini mwaka 1959 Jack Davies, profesa aliyefanya kazi Makerere, Kampala, aliichunguza upya habari hiyo. Alionyesha kwamba Bunyoro ilikuwa na waganga wenye ujuzi wa kweli, waliojaribu dawa na njia mpya, na kwamba ripoti ya Felkin ina mambo madogo mengi ambayo mtu wa kubuni asingeyajua.

Kwa nini ufundi huo haukuendelea? Kuanzia mwaka 1893 Waingereza walipigana vita vikali na Kabalega. Vijiji viliteketezwa, njaa na magonjwa vikafuata, na mwaka 1899 mfalme alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Ujuzi uliokuwa ukipita kutoka mkono wa mwalimu kwenda mkono wa mwanafunzi ulikatika pamoja na watu wenyewe.

Barua iliyofika mpaka Bunkeya

Felkin alipata udaktari kamili mwaka 1884, akafundisha magonjwa ya nchi za joto Edinburgh, akaandika kitabu juu ya jinsi magonjwa hayo yalivyoenea duniani. Lakini Afrika haikumwacha. Mwaka 1886 barua za rafiki yake Emin, aliyezingirwa Equatoria baada ya Mahdi kuchukua Sudan, zilimfikia. Felkin alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele ili Emin aende kuokolewa. Mwaka 1888 mke wake, Mary, alitafsiri kwa Kiingereza barua na maandishi ya Emin, naye Felkin akasaidia kuyatoa kama kitabu.

Matokeo yake yalipita Kongo. Henry Morton Stanley alipewa kazi ya kumtafuta Emin, na mwaka 1887 aliongoza watu wake, wengi wao kutoka Zanzibar, kupitia msitu wa Ituri. Mamia walikufa njiani. Mmoja wa maofisa wake, William Stairs, alichomwa mshale wa sumu kifuani mwezi wa nane mwaka huo. Daktari wa msafara, Thomas Parke, alifyonza sumu kwa mdomo, na ncha ya mshale ilikaa mwilini mwa Stairs zaidi ya mwaka kabla ya Parke kuitoa kwa kisu.

Stairs huyo aliyepona ndiye aliyefika Bunkeya, katika wilaya ya Lubudi ya leo, mwezi wa 12 mwaka 1891, akitumwa na watu wa mfalme Leopold kuichukua Katanga. Tarehe 20 ya mwezi huo Mwami Msiri aliuawa kwa risasi na kapiteni Omer Bodson, na Bodson naye akapigwa risasi tumboni. Daktari alikuwepo, Joseph Moloney, aliyesoma Ulaya na mwenye sanduku la dawa. Hakuweza kufanya lolote. Bodson alikufa baada ya saa chache, kwa maana jeraha la tumbo wakati ule lilikuwa hukumu. Ilikuwa miaka 12 baada ya yule mama wa Kahura kuinuka kitandani na mtoto wake.

Emin mwenyewe hakufika mbali. Alirudi bara, na mwaka 1892 aliuawa Maniema kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakubwa wa Waarabu.

Mwisho wake mbali na Afrika

Miaka ya mwisho ya Felkin ilichukua njia ambayo wenzake wa CMS hawakuitegemea. Alianza kupendezwa na hipnosisi, akaandika kitabu juu yake mwaka 1890. Mwaka 1894 aliingia chama cha siri cha Golden Dawn, kilichofundisha mambo ya uchawi wa kale na maono, na mwaka 1903 yeye mwenyewe aliongoza tawi lililojitenga likaitwa Stella Matutina. Mary, mke wake, alikufa mwaka huohuo. Mwaka 1912 alienda New Zealand, na mwaka 1916 akahamia huko kabisa, katika mji mdogo wa Havelock North. Aliendelea na udaktari na na chama chake katika nyumba iliyoitwa Whare Ra, mpaka alipokufa tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 1926, akiwa na miaka 73.

Wengine wanasema mambo hayo ya siri yanapunguza uzito wa ushahidi wake. Lakini ripoti ya 1884 iliandikwa miaka kumi kabla ya hayo, na mwandishi wake alikuwa kijana aliyepima joto, aliyehesabu pini na kuandika siku zilizotolewa. Hakusifu wala hakudharau. Alieleza mkono ulifanya nini, hatua kwa hatua. Katika zama ambapo wazungu wengi waliandika juu ya waganga wa Afrika kwa kejeli tu, hilo lilikuwa jambo adimu.

Kuna pengo moja katika ripoti yake. Tunajua urefu wa kidonda, idadi ya pini, aina ya bandeji na joto la mama usiku wa pili. Jina la mganga halimo, jina la mama halimo, wala la mtoto. Porro ana upasuaji unaoitwa kwa jina lake, Sänger ana mshono wake, Lister ana uzi wake. Aliyefunga tumbo kwa pini saba Bunyoro, kabla Sänger hajashika waya wake wa fedha, anabaki mtu asiye na jina.

Siku agrafu zinazoyeyuka zitakaposhuka bei na kufika katika maternite za Lualaba, mama wa kijijini hatahitaji tena kulipa pikipiki kwa ajili ya kutolewa chuma. Mpaka siku hiyo, sheria iliyofuatwa Kahura ndiyo ile ambayo wauguzi wanawakumbusha wazazi kila siku: mikono isafishwe kabla ya kugusa, kidonda kitazamwe, homa ipimwe, na kilichochomwa katika ngozi kitolewe siku yake isipite.